Mchezo wa Karata Mbovu

Kaka yangu ni fundi saa, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Mletee saa iliyoanguka chooni, iliyokanyagwa na pikipiki au iliyotafunwa na mbwa. Ataiinamia na ile lenzi yake jichoni, atashusha pumzi, na saa itaamka. Lakini mwone akicheza karata. Hapo utamhurumia mpaka usahau njaa.

Ujia wetu uko chini ya ghorofa. Ukiingia unakutana na cherehani za fundi nguo, kisha meza ya kaka, kisha mimi, mdogo wake wa kike, na mashine yangu ya fotokopi inayokohoa kuliko mvuta sigara, na mwisho kabisa duka la miwani. Saa ya chakula tunavuta viti kuizunguka meza ya kupigia pasi ya fundi nguo, tunacheza poka. Hatuwekeani pesa. Tunawekeana vifungo, maana kwa fundi nguo vifungo ni makopo kwa makopo. Poka yenyewe ni ile ya kila mtu: karata mbili mkononi, tano mezani, mwenye mkono mkubwa anabeba.

Kaka habebi. Uso wake hauna siri hata moja. Akishika ree mbili, karata kubwa kuliko zote, mashavu yanang'aa, masikio yanasogea, anaanza kuimba kwa pua. Basi sote tunatupa karata na kumwachia kifungo kimoja cha shati. Akishika takataka, mdomo unashuka mpaka unatamani kumpa pole ya msiba. Fundi nguo alishazoea kumwambia, "Fundi, si utuonyeshe tu hizo karata, tuokoe muda?"

Ndipo akaja Mama Miwani kuchukua lile duka la mwisho. Mjane wa makamo, anasaga lenzi zake mwenyewe, na anaongea taratibu kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa popote. Tulimkaribisha mezani. Akacheza kidogo kwa adabu, kisha akazuia mwayo kwa kiganja.

"Samahani jamani," akasema. "Huu umenichosha. Mimi nimezoea ule wa karata mbovu."

Akatueleza. Kila mchezaji anapewa karata tano, anatupa asizozitaka mara moja tu na kupewa nyingine, halafu anayeshinda ni mwenye mkono mdogo kuliko wote. Pea ni balaa. Mfalme ni mkosi. Ree ndiyo karata ndogo kuliko zote, na ukipata ndogondogo zisizofanana, umeukata. Alifundishwa na marehemu baba yake, wakawa wanacheza wawili tu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeujua.

"Sasa mama," fundi nguo akauliza, "mtu ajifunze mchezo usio na wachezaji, apate nini? Si sawa na kushona suti ya mtu ambaye hajazaliwa?"

Tulicheka wote, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Kwani huu wetu una ubaya gani? Ukienda popote unapata wa kucheza naye. Huo wake ukiujua, utacheza na ukuta.

Kaka hakucheka. Alikuwa anamtazama Mama Miwani, na katika uso ule nikasoma habari nzima, kichwa mpaka tamati. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya kaka yangu yalikuwa kifaduro.

Ni lazima nikwambie kwamba ana historia huyu. Zamani alimpenda mwalimu wa chekechea. Nikamsukuma aseme, akanijibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Akavumilia, akavumilia, mpaka mwalimu alipomletea saa ya ukutani aiangalie, zawadi ya harusi yake na mtu mwingine. Kaka aliitengeneza vizuri sana. Nadhani mpaka leo haijachelewa hata kidogo.

Kwa hiyo Mama Miwani aliponijia kutoa nakala ya lile bango la herufi za kupimia macho, akasema kwa upole kwamba mwisho wa mwezi huenda akahama, nilimwuliza palepale kwa nini, kwa niaba ya ndugu yangu.

"Biashara ipo, mwenzangu," aliniambia, "ila jioni nafunga duka bila kuongea na mtu neno la maana. Dada yangu ananiita nikafungue kwake, mji wa pili."

Nyumbani nikampa kaka habari hiyo bila kuipaka sukari. Tunaishi wote tangu wazazi watutoke, na mimi sijui kuzunguka. Nikamwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesho nenda ukamwambie."

"Kwanza nijifunze ule mchezo," akasema.

"Ujifunze wa nini? Mwambie tu!"

"Nimwambie nini, mdogo wangu? Nikikaa mbele yake bila kazi mkononi, ulimi unakuwa mbao. Lakini kama tuna mchezo, angalau nitakuwa na sababu ya kukaa."

Basi tukaanza. Akatafuta maelezo kwenye simu, tukaondoa sahani mezani, nikawa mwanafunzi wa mchezo ambao nilikuwa nimeucheka mchana kweupe. Na jamani, mchezo huo ni wazimu mtupu! Unapata wafalme wawili unalia. Unapata mbili, nne, tano, saba na nane, karata za kutupia jalalani, unataka kupanda juu ya meza. Nilijikuta nikipiga kelele "Sina kitu! Sina kitu!" kwa furaha, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama tuna njaa.

Jambo moja lilinishangaza: kaka alikuwa ananifunga. Kaka! Mtu ambaye angeshindwa karata na mto wa kulalia! Nikaweka karata zangu kifuani, nikamchunguza, na nikauona muujiza wenyewe. Akili yake ilikuwa imejifunza mchezo mpya, ila uso haukuwa na habari. Miaka yote umezoea kushangilia pea, ukaendelea kushangilia pea. Alipopata wafalme wawili, yaani maafa, mashavu yalimeta na pua ikaimba. Alipopata karata ndogondogo, yaani utajiri, mdomo ulishuka ukaomba rambirambi. Mwenyewe hakujua lolote, nami niliyeuamini uso huo ndiye niliyekuwa nikiumia.

Nikauma ulimi. Siri kwangu haikai hata dakika ya kuchemsha chai, lakini ile niliikalia. Nikimwambia tu, angeanza kujirekebisha, na hapo tungerudi kulekule.

Siku chache kabla ya mwezi kwisha, saa ya chakula, kaka akasimama katikati ya ujia akiwa ameshika pakiti ya karata kama mtu aliyeleta barua ya posa asijue ampe nani.

"Mama Miwani," akasema, "nimejifunza ule mchezo wako."

Yule mama akageuka. "Wewe? Nani alikufundisha?"

"Simu. Na mdogo wangu."

Fundi nguo alizima cherehani. Akafagia vitambaa kwenye meza ya pasi, akawagawia vifungo sawasawa, wakakaa wawili. Sisi tukawazunguka.

Mama Miwani, ambaye kazi yake ni kutazama watu machoni mchana kutwa, hakuhitaji muda kumsoma kaka. Mkono wa kwanza, uso wa kaka ukaanguka. Mama akatabasamu, akasukuma lundo la vifungo. Kaka akaweka vyake. Wakafunua: mama karata yake ya juu ni saba, kaka ana ree, mbili, tatu, nne na sita.

"Aa," mama akasema.

Mkono wa pili kaka akameta kama sufuria mpya. Mama akakuna shavu, akatupa karata zake, na zilikuwa nzuri, niliziona. Kaka akafunua za kwake kwa aibu: wafalme wawili na malkia wawili. Mkono mbovu kuliko wote, na umeshinda!

Mkono wa tatu vilevile, na wa nne. Vifungo vya koti vyote vikahamia upande wa kaka, naye anavitazama asielewe vimefikaje. Fundi nguo alikuwa ameng'ata futi yake ya kupimia asipasuke. Mimi machozi yananitoka. Ghafla Mama Miwani akaweka karata chini, akamtazama kaka, akazitazama karata, akamtazama tena, na akaelewa. Aliangua kicheko ambacho hatukujua kama anacho. Akavua miwani, akajifuta, akaivaa, akamwona kaka ameduwaa, akacheka upya mpaka akashika ukingo wa meza.

"Fundi wewe!" akasema alipopata pumzi. "Tangu baba afariki sijafungwa mchezo huu. Hebu niambie kweli. Mchezo wenyewe hauchezwi na mtu hapa. Kilichokusumbua ukaujifunza ni nini?"

Mashine yangu ilikuwa inatoa nakala za mteja, nikachomoa waya ukutani. Nilimkanyaga kaka mguu chini ya meza. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, kwa hasira na kwa mapenzi, asije akasema mvumilivu hula mbivu.

Hakuwa na karata mkononi tena. Alikuwa na uso wake tu.

"Wewe unaucheza," akasema. "Nilitaka usihame. Na nikaona, kama utabaki... kama utakubali, basi tuwe tunacheza nyumbani. Kila jioni. Mimi na wewe."

Masikio mekundu, jasho puani, anatazama vifungo.

Mama Miwani alikusanya karata zote taratibu, akazipanga, akazigonga mezani mpaka zikalingana. Halafu akageuka, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "huyu jioni anapenda kula nini?"

Nilipiga ukelele ambao ulitoa watu ghorofa ya tatu. Fundi nguo akarusha kopo zima la vifungo juu, vikatunyeshea vichwani. Mteja wangu wa nakala, ambaye hata hatumjui, alikuwa anapeana mikono na kila mtu. Nikamrukia wifi yangu shingoni, nikamwambia anapenda kila kitu, ila asimwekee pilipili.

Kaka alikuwa bado amekaa palepale, mdomo umeshuka, kifungo kimeng'ang'ania kwenye nywele zake.

"Sasa mbona hajanijibu?" akaniuliza.