Filamu Iliyoita Ng'ombe wa Garsen

Nilitoka Kitale, nikapita Nairobi, nikalala Mombasa, nikafika Garsen vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Njiani redio ya basi ilizungumzia kodi: makampuni ya nje yanayotuuzia filamu mtandaoni yatozwe, na fedha hizo zikuze sinema na muziki wetu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, cheti cha kidato cha nne na kamera ya kuazima. Nikaamua kwamba fedha hizo zinanisubiri mimi. Hilo lilikuwa jaribio langu la mwisho la kuwa mtu.

Nilipanga chumba katika kijiji cha Idsowe, karibu na Garsen, kwa mama mmoja Mpokomo, mkulima wa mahindi. Mchana nilimhubiria jinsi utamaduni wetu unavyomezwa na wageni. Jioni tuliketi pamoja kutazama tamthilia ya Kikorea kwenye simu yangu, na sikuthubutu kuifungua kabla hajatoka jikoni.

Filamu yangu ilimhusu mfugaji Muorma akiimba wimbo wa kuwaita ng'ombe wake majini. Afisa wa utamaduni alikubali kuja kuitazama. Akiridhika, angeipendekeza fedha zikipatikana. Nikaazima ukumbi wa kanisa, alasiri, spika nikaziweka nje ili kijiji kizima kisikie. Sikukumbuka kwamba saa hiyo mifugo hupita kwenda mtoni.

Wimbo ulipoanza, ng'ombe wa yule mfugaji, waliokuwa wakichungwa na nduguye, waliacha njia. Walikuja mbio, wakapitia katikati ya shamba la mama wakikanyaga na kula mahindi, wakasimama wakilamba spika.

"Umewaitia nini shambani kwangu?" mama alimfokea mfugaji, aliyeketi mstari wa mbele.

"Mimi nimefunga mdomo, mama. Muulize huyu mwenye spika."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, Wakorea hawajawahi kunilia mahindi."

Afisa alicheka mpaka akafuta machozi, akasema tungoje kwanza hiyo kodi ipite, akaenda zake.

Nilibaki msimu mzima nikipanda upya shamba lile, vibaya. Mama alinifuata nyuma akirekebisha mashimo. Mahindi yalipozaa, nikaaga, nami sijarudi tena. Mfugaji alinisindikiza hadi steji ya Garsen, akaniomba nimrushie ile filamu kwenye simu yake. Moyo ukanijaa. Hatimaye, mtazamaji!

"Utaitazama na watoto?" nikamuuliza.

"Kutazama?" akashangaa. "Ni ya siku nikishikwa na mafua, sauti ikinikauka."

Nikamrushia, nikapanda basi.