Mikao ya Mgongo Iliyokaribia Kuninyima Mke

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mgongo wa mtu. Nilipumua tu, asubuhi nzima, nimekaa mkekani nyuma ya duka la vitambaa karibu na stesheni ya Voi, mwajiri wangu akinisikiliza kama fundi anayesikiliza injini.

"Wewe napumua kama mtu nafukuzwa na ndovu," aliniambia. "Kwanza pumzi. Mgongo nakuja nyuma."

Tulimwita Vaidya, yaani mganga wa Ayurveda, tiba ya Kihindi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa mlima wa Sagalla mwenye mikono ya nguvu na haraka ya kuoa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini kazi yake aliijua barabara. Alifundisha kwamba mwili una nguvu tatu: vata, ambayo ni upepo, pitta, moto, na kapha, ute. Moja ikizidi, mtu huharibikiwa. Mgongo mkavu unaolia kama mlango alisema umezidiwa na upepo, akaagiza mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, uji wenye samli na tangawizi, na kulala mapema. Kati ya hayo, samli ndiyo wote waliyoikumbuka.

Baada ya kukanda ilifuata mikao ya yoga. Mkao wa nyoka, ambao mtu hulala kifudifudi na kuinua kifua, uliwashinda makuli wa stesheni. Basi tuliwasimamisha viganja ukutani, wakapinda nyuma kidogo kidogo. Wakata mkonge, watu wa kuinama kutwa, tuliwalaza chali na miguu juu ya kiti. Aliyekuja na mguu uliokufa ganzi Vaidya hakumgusa. "Huyu si wetu. Peleka hospitali." Kujua usichokiweza nako ni sehemu ya kazi.

Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa kufika, alinitaka nifanye salamu ya jua barazani: viganja pamoja kifuani, kuinama, kujinyoosha, kuinuka. Watu wa Sagalla walioshuka sokoni wakaniona, na habari ikapanda mlima kabla yangu.

Mwinjilisti wa kanisa letu, Mzee Mwakio, akaniita. "Kijana, nasikia unaabudu jua kwa Mhindi. Tangazo la ndoa yako na Wakesho sitalisoma. Chagua."

Bila tangazo kusomwa kanisani hapakuwa na ndoa, na baba yake Wakesho hakuwa mtu wa kungojangoja. Nililia njiani, sioni haya kusema. Kesho yake nikamwambia Vaidya naacha kazi. Hakubishana. Alivaa viatu, akakunja mkeka.

"Nyumba yake wapi?"

Tukapanda Sagalla, na pumzi zote alizonifundisha zikamwishia yeye mwenyewe kwenye mwinuko wa kwanza. Mwinjilisti alitupokea uani kwa heshima, akatupa viti, mkewe akaleta maji. Vaidya akatandika mkeka.

"Ibada ya jua hapa kwangu hapana," Mwinjilisti akasema.

"Jua wacha. Mimi nageuka huku." Akalipa jua kisogo, akaelekeza uso kwenye zizi la ng'ombe.

"Aa! Na ng'ombe je? Si ndio mnaabudu kwenu?"

Vaidya alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamgeukia Mwinjilisti mwenyewe, akapiga magoti, akaweka viganja mkekani na kuuinua mgongo kama paka, akaushusha, akauinua tena.

Mama Mghoi, mke wa Mwinjilisti, akaweka kata chini. "Baba Mghoi, si hivyo ndivyo tunakaa Jumamosi tukisugua sakafu ya kanisa? Mbona hujatutenga?"

Mzee akamtazama mkewe, aliyebeba maji mlimani miaka yote ile, amejishika kiuno. "Huyu mama anaumwa sana," akasema taratibu. "Mwonyesheni. Lakini ile mikono ya kifuani iacheni."

"Weka kiunoni," Vaidya akajibu. "Mgongo hapana jali."

Jumapili majina yetu yakasomwa. Namna ile ya mikono kiunoni nilienda nayo baadaye kwenye shamba la mkonge upande wa Taveta, ambako Meneja alinipa kibanda kando ya karakana na kuniambia, "Nataka watu wasimame wima, sitaki hadithi." Nikawasimamisha wima, hadithi nikawapa vilevile. Mwishowe nikarudi Voi, nikakanda mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, nikastaafu.

Nyinyi vijana mnaotandika mikeka ya mpira yenye rangi huniuliza kazi ile ilinipa nini. Ilinilisha, na mgongo wangu bado umenyooka. Lakini nikikaa peke yangu ninachokumbuka ni siku ya harusi. Vaidya alikuja, akasimama nje dirishani, akidhani mlango si wake. Padre wa kutufungisha ndoa alikuwa tayari mbele. Mwinjilisti akatoka, akarudi amemshika mkono, akampeleka benchi la kwanza kando ya mama yangu, pale ambapo baba angekaa kama angekuwa hai.

"Huyu ndiye aliyepanda mlima kwa ajili ya kijana," aliliambia kanisa. "Hiyo ni kazi ya baba."

Mama akakusanya kanga yake, akasogea ampe nafasi.