Jani la Isale na Karatasi za Bima

Nianze na kosa langu, nisije nikajificha. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, wa kujitegemea. Nina leseni, sanduku la vifaa na simu. Ndege ikisumbua kwenye kiwanja cha Moshi wananipigia, natengeneza, natia saini kwenye kitabu chake, narudi kwetu Uru kwenye kahawa. Siku ile nilikaza nati ya bomba la mafuta la injini, nikasahau kupitisha waya mwembamba unaoizuia isilegee. Nilikuwa nagombana na mtu kwenye simu. Hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua. Nikasaini.

Rubani alikuwa rafiki yangu, mtu wa Kibosho, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Injini ilizimika mara tu baada ya kupaa, akaishusha ndege kwenye shamba la mahindi. Alikuwa peke yake. Alipona, ila mgongo ulivunjika na miguu ikapooza. Jioni navua ovaroli, nikaukuta ule waya mfukoni, nimeshaukata kwa kipimo chake. Nilikaa sakafuni nikalia.

Wakaguzi niliwaambia ukweli wote. Bima nilikuwa nayo, ile ya kumlipa mtu akidhurika kwa kazi yangu. Bila hiyo hakuna mwenye ndege anayekuachia uguse hata skrubu. Wakala wake ni mzee wa Kihindi mwenye ofisi mjini aliyoachiwa na baba yake. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa mkataba.

"Fundi, nakujua wewe na mdomo wako. Pole kampe. Lakini kumwambia 'ni mimi, nisamehe', usithubutu mpaka madai yafungwe. Ukikiri kwake, kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Halafu nani atamtibu?"

"Na mila yetu, mzee?"

"Mila yenu naijua, nimezaliwa hapa hapa. Kampuni haiijui."

Kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la isale, lile refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Fidia, kama ipo, inafuata nyuma ya jani, haitangulii.

Mimi nikaenda Kibosho na machungwa. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia huku akiangalia mikono yangu, kisha ndipo akaniangalia usoni. Rafiki yangu alikuwa kitandani. Nikampa pole, akasema ahsante, akanisimulia habari za mvua. Sikuuamini mdomo wangu, nikaaga haraka, na sikurudi tena. Mpaka leo najichukia kwa hilo.

Ikawa kila mwezi nakwenda kwa wakala kuuliza kama madai yamefungwa. Jibu lilikuwa lile lile: kampuni imekubali kulipa, ila upande wa pili hawajasaini. Hela hiyo ndiyo ingempeleka Dar kufanyiwa upasuaji, sasa wanangoja nini? Nilifoka pale ofisini hadi chai ya mzee wa watu ikamwagika. Nikajiambia labda wanataka kuongezewa. Ndiyo, nilimfikiria hivyo, rafiki yangu wa kugawana naye ndizi ya kuchoma shuleni.

Akapata vidonda mgongoni kwa kulala sana, vikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Akafa kabla ya masika. Mazishini nilisimama nyuma kabisa, kwenye migomba.

Siku ya tatu nilichuma isale mpakani kwetu, nikalifunga fundo, nikapanda Kibosho. Bima na ife, nilisema. Mama yake alilipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Zilikuwa karatasi za bima, zimejazwa kila kitu. Pale pa saini palikuwa peupe.

"Zilifika mapema tu," alisema. "Nilimbembeleza. Padre naye alimbembeleza. Akasema hawezi kushika hela ya mtu ambaye hajaleta jani, itakuwa ameuza urafiki. Akasema, mama, atakuja, zile ni hasira zake tu, zitaisha. Akaomba nimgeuzie kitanda aione njia."

Nikamweleza ule mstari wa mkataba. Nilimweleza vibaya, lakini alielewa.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unangoja asaini."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anakungoja wewe." Akanirudishia jani langu. "Mimi hukunikosea. Kamwambie mwenyewe."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, kihambani, udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Nililiweka jani, nikamwambia kwamba ni ule waya, nilisahau, ni mimi, anisamehe. Haikuchukua hata dakika moja kuyasema. Nilipogeuka niliona dirisha lake, na kitanda ndani yake bado kimeelekezwa njiani.