Siku Nilipomvua Kofia Mwandishi

Jamani, mimi nimeshachekwa sana hapa Tabora, nimewahi kuanguka na beseni la vitumbua mbele ya msikiti siku ya Idi, nikaviokota na nikaviuza (msiniulize), lakini hili la kofia likitajwa hata leo natafuta pa kuuficha uso, na linatajwa kila wiki, maana watu wa mji huu aibu ya mwenzao hawaisahau.

Tuna kikundi chetu cha wasomaji, wanawake wa sokoni na walimu wastaafu wachache, tunakutana kusoma riwaya za zamani, zile za enzi za mama zetu, kitabu kimoja tunakizungusha mpaka jalada linang'oka. Mimi nauza vitenge, na kusema kweli kwenye kikundi nilijulikana kwa kuongea kuliko kusoma. Sasa ikaja habari iliyotutia wazimu wa furaha: Mzee Salum Idrisa, mwandishi ambaye riwaya yake kila mtu pale anaijua, anahama Kigoma alikofundisha miaka yote, anakwenda kuishi kwa binti yake Singida, na kwa binti hakuna nafasi ya vitabu, kwa hiyo atapita kwetu na maktaba yake nzima kwenye pikapu. Riwaya za zamani, makamusi ya fasihi, vitabu vya maisha ya waandishi, vyote! Akamwambia mwenyekiti wetu, Mwalimu Gaude, kwenye simu: "Nikikuta wasomaji nashusha. Nisipowakuta, wenzenu wa Igunga wameshaniomba, na Igunga iko njiani kwangu."

Mwalimu Gaude akauliza nani atamkaribisha mgeni. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mama Shamsa, riwaya yake umeisoma?"

"Mwalimu! Mara mbili!"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Sikuwa nimesoma hata ukurasa. Jalada nililiona, lina picha ya kofia imeanguka mavumbini, nikadhani ni pambo tu.

Nilikusudia kuisoma, Mungu shahidi, lakini Mwalimu Gaude akaniazima kitabu kikubwa cha wasifu wa waandishi, nami nikajiuliza, kwa nini nihangaike na riwaya nzima wakati maisha ya mtu wameshanifupishia? Nikakisoma jikoni huku nakula mihogo na asali ya Sikonge. Sasa juzi yake asali ilikuwa imedondokea humo humo, nikafuta juu juu, kumbe ndani kurasa mbili zimegandana. Jina la Mzee Salum nikalisoma chini kabisa ya ukurasa, nikafunua, na maisha niliyoyakuta upande wa pili yalikuwa ya mwandishi mwingine kabisa (hilo nililijua jioni, wakati halina faida tena). Mimi nilichokiona ni kwamba wazazi wake ni Wazaramo wa Kisarawe, na mwenyewe anapenda utani.

Nikaruka! Mimi Mnyamwezi, Mzaramo ni mtani wangu tangu babu zetu wanashuka pwani na misafara, na mtani unamwita mtumwa wako, unampora hata viatu, naye hana ruhusa ya kununa. Nikasema mwandishi huyu nitampokea mapokezi ambayo hajayapata popote.

Siku ikafika, asubuhi ukumbi umejaa, watu wengine wamesimama madirishani, na nje pikapu imeegeshwa na maboksi yake chini ya turubai. Mzee amekaa mbele na kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Nikaitwa. Moyo unadunda kwa raha. Sikusema hata salamu, nikamwendea moja kwa moja nikapaza sauti: "Nani kamruhusu mtumwa wangu akae mbele za watu amefunika kichwa?" Nikamvua kofia, nikaivaa mimi juu ya mtandio. "Haipati mpaka aikomboe!"

Ukumbi, jamani, ukalipuka kwa makofi! Mwalimu Gaude amesimama, anafuta machozi. Nikajua nimewaweza. Mzee naye akainuka taratibu, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mwangaluka."

Mzaramo anayeamkia Kinyamwezi kilichonyooka namna ile sijapata kumwona.

"Mimi mtu wa Urambo," akawaambia watu. "Hii ni sura ya kwanza ya kitabu changu. Kituo cha kununulia tumbaku, tajiri anamvua mkulima kofia, anamwita mtumwa, na mtoto wa mkulima anatazama. Sijawahi kuona mtu akiicheza mbele yangu." Akanigeukia. "Endelea, mwanangu. Mimi nitakuwa mkulima. Tajiri anasemaje?"

Wote wananitazama, na wote wanajua tajiri anasemaje isipokuwa mimi.

"Eee... anasema... rudi kesho na tumbaku nyingine!"

Watu wakanong'ona. "Siyo hayo," mzee akasema.

"Basi haya, chukua kofia yako baba, yaishe."

Kicheko kilichotoka hapo nilikisikia mpaka tumboni. Mzee hakucheka. Akaniuliza polepole, "Binti, kitabu changu umekisoma?"

Nikaangalia mlangoni, nikaliona lile turubai. Nikidanganya, swali linalofuata litaniumbua. Nikisema kweli, maboksi yanakwenda Igunga na mimi ndiye nitakayekuwa nimeyapeleka.

"Sijakisoma, baba. Nilidhani wewe Mzaramo."

Ukumbi hoi. Kuna mama alilazimika kushikwa asianguke kwenye benchi. Mzee akaanza kukusanya kanzu yake. "Niliambiwa nitakuta wasomaji," akasema. Mwalimu Gaude akakimbilia mbele, "Mzee wangu, huyu ni mmoja tu!" Naye akajibu, "Ndiye mliyemchagua."

Nilipomwona Mwalimu Gaude anainamisha kichwa, utani wote ulinitoka. Nikapiga magoti, nikamrudishia kofia kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba." Akaipokea, akasema, "Marahaba." Nikamwambia, "Wenzangu wamesoma, usiwaadhibu kwa ajili yangu. Nipe kitabu nikisome hapa hapa. Nikimaliza sura, uamuzi wako."

Akatoa nakala yake mfukoni, imechakaa, akanipa, akaketi.

Nilianza maneno yanagongana, wengine bado wanachekea mitandioni. Lakini jamani, mzee yule anajua kuandika! Yule mkulima na mzigo wake wa tumbaku, mtoto wake kashika pindo la shati, mimi nikasahau niko wapi. Nikafika pale pa kofia, na neno "mtumwa" likagoma kutoka mdomoni, lile lile nililolirusha muda si mrefu kwa mbwembwe. Nilipolitamka nililia, wala si kilio cha kuomba msamaha, nilimlilia yule mtoto. Hakuna aliyecheka tena.

Sura ikaisha. Mzee akasema, "Inatosha, mwanangu."

"Subiri kwanza baba," nikamjibu, "mtoto kakimbilia wapi?" Nikafunua ukurasa nikaendelea.

Maboksi yakiingia sikuyaona. Naambiwa mzee alimpungia dereva mkono, vijana wakabeba, wakapita mbele ya pua yangu, na mimi niliwafokea kwamba wananiziba mwanga.

Sasa hivi sokoni wananiita Mtani, na akipita mtu na kofia wananiambia nijizuie. Sawa, nacheka nao. Ila nimeapa, na kiapo hiki nakishika: maisha ya mwandishi nitayasoma nikishamaliza kitabu chake, wala sitamkaribisha mtu mbele za watu kwa kazi ambayo sijaigusa, maana siku ile almanusura kabati zetu zibaki tupu kwa sababu ya mdomo wangu.