Vioo Vyeusi vya Noeli

Sijawahi kumheshimu mwanamume anayelipamba gari, na nasema hivyo nikiwa nimekula kwa jasho la wanaume wa aina hiyo. Miaka ya tisini, magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika nchini, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja la mtaa wa nyuma mjini Moshi, nikishona makava ya viti vya magari. Kulia kwangu alikaa fundi wa kubandika karatasi nyeusi kwenye vioo, ile tuliyoiita tinti. Kushoto alikuwepo mwingine wa kufunga honi za muziki na kukata springi ili gari lilale chini. Kwa hiyo niliwaona wateja wakija, na niliwaona wakirudi.

Walikuja Desemba, vifua mbele. Mtu wa kwetu akipata gari, hapandi nalo mlimani siku za Noeli kama lilivyotoka kiwandani. Watu watajuaje kwamba amefanikiwa? Basi mmoja anaongeza bawa nyuma, kana kwamba atafika kwetu Kirua, huko mlimani, kwa kuruka. Mwingine anakata springi, halafu analipeleka gari hilo hilo kwenye barabara ya mawe, tumbo likikwaruza chini njia nzima. Kuna bwana mmoja aliyefunga honi inayoimba, ikamgandia msibani, ikaimba makaburini mpaka waombolezaji wakafungua boneti na kung'oa waya wa betri. Januari walirudi barazani wapole, wakisema kwa sauti ya chini, “Fundi, hiki kitu kinaweza kutoka?” Mimi nilikuwa nacheka bila hata kuinamisha uso.

Kaka yangu mkubwa aliwashinda wote kwa upuuzi, na ndiye ninayetaka kumsema.

Kaka alikuwa Dar es Salaam akiuza mabati na saruji. Noeli ilipita, ikaja nyingine, ikapita, bila yeye kupanda nyumbani. Kwetu Kirua hilo si jambo dogo. Desemba kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kinajaa watu wake, na mama ambaye wanawe hawakuja anaonekana kwa macho. Mama yetu alikuwa mjane. Alitusomesha kwa mikungu ya ndizi aliyoibeba kichwani hadi sokoni, na sasa wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani walianza kumpa pole. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu, “Pole mama, hiyo Dar inameza vijana,” na mama akirudi nyumbani anakosa hamu ya kula.

Ng'ambo ya mfereji wetu aliishi jirani ambaye mwanawe alikuwa na pikapu. Mama huyo akipita alikaa mbele, kiwiko nje ya dirisha, na kila penye kundi la watu alimwamuru mwanawe apunguze mwendo ili asalimie. “Jamani, mnaendelea salama?” Ungedhani ni askofu anayetembelea parokia. Mama yetu alikuwa akimwigiza jikoni, anaweka kiwiko juu ya ndoo, sisi tunacheka mpaka machozi. Lakini siku moja, akiwa anamkatia ng'ombe majani, aliniambia bila kucheka, “Na mimi siku moja nitapita hapa nimekaa kwenye gari la mwanangu, na watu wataniona.” Hakuwahi kuomba nyumba ya matofali wala ng'ombe wa kisasa. Alitaka hicho tu, wamwone.

Mwaka huo kaka akaja. Alishuka Moshi siku chache kabla ya sikukuu na gari jeupe, dogo, safi kabisa, nikafurahi kwa ajili ya mama kuliko nilivyofurahi kwa ajili yake. Alitaka makava ya manyoya, rangi ya maziwa. Nilimwambia rangi hiyo haifai kwa watu wenye migomba. Akasema mimi nimeshona muda mrefu lakini sijaona dunia. Nikamshonea. Nilipokuwa nakata uzi wa mwisho nikamwona amesimama kwa fundi wa kulia, anachagua karatasi, na amechagua nyeusi kuliko zote.

“Kaka, unaweka za nini hizo?”

“Wewe huijui barabara ya kwetu?” alinijibu. “Wakiona kiti kitupu tu, mikono juu. Huyu ana mkungu, yule ana kuku, mwingine ana dumu la pombe ya mbege. Nitabeba wangapi?”

“Hao ni wajomba zako na mashangazi zako.”

“Ndiyo maana. Wasipoona ndani, hawajui kama gari limejaa au ni tupu. Napita zangu, na hakuna wa kunilaumu.”

Alisema hayo akitabasamu, akaridhika na akili zake. Mtu mzima, aliyelelewa kwa ndizi zilizofika sokoni siku nyingi kwa sababu dereva fulani asiye ndugu yetu alisimamisha gari akamwambia mama apande. Nilitamani nimchome na sindano. Fundi akabandika, akamwonya asishushe vioo mpaka mwaka mpya upite, maana gundi haijakauka na karatasi itajikunja. Halafu, kwa kuwa upuuzi haujui kushiba, kaka akaagiza maandishi ya rangi ya fedha juu ya kioo cha mbele: ASANTE MAMA.

Tulipanda mkesha wa Noeli. Mama alilizunguka gari akilipapasa kwa kiganja kama anavyompapasa ndama, akayasoma maandishi kwa sauti, akalia kidogo. Kitu kimoja tu kilimtatiza.

“Mbona gari lako limefumba macho, baba?”

“Ndiyo fasheni, mama.”

Akaamini. Fasheni ya Dar angeijulia wapi? Jioni hiyo hiyo kaka alirudisha gari nyuma chini ya kivuli cha migomba, na kwa sababu ya vioo vile hakuona kitu, akalibomoa banda la kuku. Alishuka akalaumu banda.

Asubuhi ya Noeli mama alivaa kitenge alichokuwa akikitunza sandukuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele. Kaka akamwambia wakubwa hukaa nyuma, akaweka koti lake la suti kwenye kiti cha mbele lisije likakunjamana. Nikakaa na mama nyuma. Mama akajisogeza mpaka dirishani, akaweka kiwiko pale alipodhani kiwiko kinawekwa, na safari ikaanza.

Kundi la kwanza walikuwa akina mama wa jumuiya yake, wote kwa sare. Mama akapunga mkono, akasema, “Noeli njema, jamani!” Wakarukia pembeni, wakaziba pua kwa khanga kujikinga na vumbi. Mama akasema hawakumsikia. Kundi la pili akapunga mikono yote miwili. Wanaume wale wakalitazama gari lilivyopita, wakaendelea na mazungumzo yao. Nilijua kinachotokea, na nilishindwa kumwambia, kwa sababu uso wake ulikuwa bado unang'aa.

Darajani ilibidi kaka apunguze mwendo. Na hapo, kwa miguu yake, maana pikapu ya mwanawe ilikuwa imebeba watu kwenda mjini, alisimama jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Kama mama angeambiwa achague mtu mmoja wa kumwona, angemchagua huyo. Mama akasogeza uso mpaka paji likagusa kioo. Jirani akageuka, akakitazama kioo moja kwa moja, ana kwa ana na mama, akarekebisha kilemba chake, akaangalia meno yake, akageuka na kuendelea na safari. Alikuwa anajitazama.

“Shusha kioo,” mama alisema.

“Mama, gundi haijakauka.”

“Nimesema shusha.”

“Itabanduka, mama. Subiri mwaka mpya.”

Mama akakigusa kioo kwa kidole. “Kwa hiyo hawanioni?”

“Hawaoni kitu,” kaka alisema kwa furaha kabisa. “Hiyo ndiyo raha yake.”

Mama akaondoa kiwiko dirishani, akakunja mikono mapajani. Nilimchukia kaka yangu siku hiyo kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na Misa ya Noeli haikuipunguza. Hata kuteremka kwake mama hakukuonwa na mtu, kwa kuwa kaka alizunguka muda mrefu kutafuta mahali ambapo watoto hawatalishika gari, na tulipoingia kanisani watu walikuwa wamekwisha kaa.

Baada ya Misa akina mama walisimama uwanjani wakisalimiana. Jirani alikuwa anapangusa viatu vyake kwa jani.

“Kuna mshenzi mmoja ametupita na gari jeupe, vioo kama usiku,” alisema. “Katujaza vumbi, na hata kupunga mkono hakuna.”

Mama angeweza kunyamaza. “Lilikuwa la mwanangu,” alisema. “Nilikuwa ndani. Niliwapungia.”

Wakamtazama. “Ulikuwa unatuona?” jirani aliuliza.

“Niliwaona wote.”

“Na ukatupita?”

Miaka yote mama alisubiri kupita mbele ya watu hao akiwa amekaa, na sasa amekuwa yule aliyewapita. Alifunga khanga kiunoni, akaanza kupanda nao kwa miguu, nami nikafuatana nao. Kaka akafuata nyuma polepole, akipiga honi, akifungua mlango na kuchungulia, “Mama, panda basi!” Mama hakugeuka. Wanawake walisogea pembeni kulipisha gari, gari likakataa kupita, na hivyo ndivyo tulivyofika nyumbani, yeye akinguruma nyuma yetu na koti lake kwenye kiti cha mbele.

Mchana kaka alichinja mbuzi. Alikuwa ameota mchana huo tangu Dar: watu wamejaa, wanalizunguka gari, wanauliza bei. Walikuja wawili watatu, wakala kwa adabu, wakaaga mapema. Mzee mmoja, ndugu wa marehemu baba, alimwambia, “Aisee, kumbe lile ni lako? Mimi nilidhani ni mgeni fulani aliyepotea njia.” Ndipo nilipoona uso wa kaka unabadilika. Alikuwa amepita mlima mzima na gari lake, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba ni yeye. Nilifurahi, na sikujificha.

Kesho yake alianza kuzibandua. Alitumia wembe, maji ya moto, mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Karatasi ilitoka vipande vipande, gundi ikabaki, akaikwangua, na kwenye kioo cha nyuma akakwangua pamoja nayo zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Alipomaliza, vioo vilikuwa na mabaka ya zambarau na mikwaruzo kila upande. Nilikaa kwenye kigoda nikimenya ndizi, sikumsaidia hata kumshikia ndoo. Aliniuliza kama fundi wangu ana dawa. Nikamwambia anayo, anauza Januari.

Siku ya mwaka mpya kaka aliamka mapema, akashusha vioo vyote, akapiga honi uani kumwita mama twende kanisani. Mama alikuwa amekwisha ondoka kwa miguu na wenzake, wamebeba matoleo ya mavuno. Tukaondoka, kaka kwenye usukani, mimi nyuma, koti kwenye kiti cha mbele.

Tulipopinda kona ya kwanza, mkono ukainuka barabarani. Alikuwa mama. Aliinua mkono kama wanavyouinua wote, kama mtu anayeomba msaada kwa dereva asiyemjua, na nyuma yake walisimama akina mama wa jumuiya na mikungu yao na kuku wao, na jirani yetu katikati. Kaka akasimama. Ilimbidi, kiti kitupu kilionekana.

Mama akafungua mlango wa mbele, akalichukua koti, akanirushia mimi bila kulitazama, akakaa. Kisha akawaambia wenzake waingie. Waliingia kwa namna ambayo sijui kuieleza, maana gari lile halikutengenezwa kwa watu wengi kiasi kile wala kwa kuku. Mikungu ilikuwa imekatwa alfajiri, na utomvu ulidondokea manyoya yangu ya rangi ya maziwa. Utomvu wa ndizi hautoki, hata kwa mafuta ya taa. Kaka alitoa sauti ndogo ya maumivu, jirani akamwuliza kama anaumwa tumbo.

Mama akatoa kiwiko dirishani. “Punguza,” alisema penye nyumba ya kwanza, akasalimia. Penye duka, “Punguza,” akasalimia. Darajani, kwenye mfereji, kwa katekista, punguza, punguza, na kaka akapunguza kila mara, shingo imemwingia mabegani. Watu walitoka mpaka barabarani kuitikia.

Karibu na kanisa kuna kihamba kimoja kikubwa, na ndani yake, mbali kabisa, mzee mmoja alikuwa ameinamia mibuni yake, ametupa mgongo. Kengele ilikuwa inalia, tumechelewa tena. Kaka akakanyaga mafuta.

“Simama,” mama alisema.

“Mama, Misa inaanza.”

“Simama. Yule hajaniona.”

Kaka akasimama, akapiga honi, tukasubiri mpaka mzee alipoinua kichwa.