Shule Inayotazama Barabara

Nilisoma shule ya msingi mlimani, Iringa, katika darasa ambalo madirisha yake yalikuwa matundu tu. Mwezi wa saba upepo uliingia upande huu ukatokea upande wa pili, na sisi tuko katikati, tunaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kila mtoto alitakiwa kuja na kuni. Nyingine zilikwenda jikoni kwa walimu, nyingine zilitumika kuchomea tofali za darasa jipya, ambalo nalo lilijengwa na matundu. Mama yangu, Mlutheri asiyependa malalamiko, alisema baridi imeletwa na Mungu, anayeisikia avae sweta. Nikamjibu kwamba lile darasa hakulijenga Mungu. Nilichapwa, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Ndiyo maana nilisomea usanifu wa majengo, na ndiyo maana nilifurahi sana halmashauri moja ya bondeni, huko Usangu, iliponipa kazi ya kuchora madarasa ya shule zake. Kwetu Iringa tunaganda, wao kule wanaungua. Nilitaka darasa ambalo mtoto hagandi wala haungui ndani yake, bila feni, bila umeme, bila kukata mti wa kuchomea tofali. Wenzangu ofisini walinitania kwamba nimekuja kujengea miti, si watoto. Niliwaambia wacheke polepole, wasije wakaishiwa pumzi kabla mchoro haujasainiwa.

Kijiji cha kwanza nilichopewa kilikuwa mbele ya mji mdogo wa Ubaruku, katikati ya majaruba ya mpunga na malisho. Wengi wa watu wake ni familia zilizoshuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Walikuwa wamehamishwa zaidi ya mara moja, sehemu moja ya bonde hadi nyingine, na kila mara waliambiwa kwamba pale walipokaa hapakuwa kijiji, palikuwa pori. Shule yao ilikuwa banda la miti lililoezekwa bati. Ukiingia humo saa nane mchana unatoka unajisikia umeanikwa.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Msukuma, mwenye ng'ombe wachache na jaruba moja. Alikuwa na binti mmoja tu, wa darasa la tano, na binti huyo alikuwa na sikoseli. Ni ugonjwa wa damu. Akipigwa na jua sana, au akikosa maji, mifupa inamuuma mpaka analia kwa sauti ambayo ukishaisikia huisahau. Walishajaribu kumpeleka Ilomba, kule Mbeya, akasome akiwa kwa mama yake mdogo. Baridi ya mwezi wa sita ikamlaza hospitali, maana baridi nayo ni adui yake. Wakamrudisha bondeni.

"Mtoto huyu hana nchi," mama yake aliniambia. "Juu inamkataa, chini inamkataa."

Binti mwenyewe hakuwa na huzuni hata kidogo siku alizokuwa mzima. Alikuwa mjuaji, na hesabu alizipenda kuliko chakula. Jioni alikuja kuegemea meza yangu na kuikagua michoro. Sisi wachoraji tuna mazoea ya kuweka watu wadogo wadogo mbele ya jengo ili lionekane lina uhai. Yeye hakuwapenda.

"Anti, mbona watu wako wote wamesimama? Hawachoki?"

"Ni picha tu."

"Mchore mmoja amekaa. Mimi huwa nakaa."

Nikamchora mmoja amekaa, karibu na dirisha. Tangu hapo sikuchora shule ya kijiji. Nilichora darasa la yule mtoto, na kama darasa hilo lingemfaa yeye, lingemfaa kila mmoja. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo nilijua kwa hakika ni ya nani.

Jengo nilililaza kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukuta mfupi usio na dirisha ulikabili jua linapochomoza, na mwingine kama huo ulikabili jua linapozama. Madirisha yote yalikuwa kaskazini na kusini, chini ya paa refu lililotokeza nje, na juu kabisa niliacha nafasi ya joto kutokea. Mvua ingeshuka kwenye mifereji ya bati hadi kwenye tanki. Tofali zingechomwa kwa pumba za mpunga, ambazo nyuma ya mashine za kukoboa za Ubaruku zimerundikana vilima vizima na huchomwa bure. Hilo la pumba halikuwa na ubishi, kwani nyumba zao wenyewe wamejenga hivyo. Wazazi walifyatua tofali, wakabeba maji, wakachoma. Sijawahi kuona watu wakijitolea kwa moyo namna ile.

Ubishi ulikuja kwenye kikao cha kijiji, msingi ulipokuwa unataka kuchimbwa. Barabara kubwa ya vumbi inapita magharibi mwa kiwanja, kwa hiyo mchoro wangu uliipa barabara ule ukuta mfupi usio na dirisha. Na kwa watu wale, kama ilivyo kwa watu wengi wa kwetu, nyumba hutazama njia. Nyumba isiyotazama njia ni ya mwenye ugomvi na majirani, au ni choo.

"Injinia," alisema mwanamume mmoja, "mbona shule imelala ubavu? Inaumwa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaeleza habari za jua. Nikasema madirisha yakitazama magharibi, kuanzia saa nane mchana watoto watakaa ndani ya tanuri. Walinisikiliza kwa heshima, wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakarudi pale pale kwamba shule igeuzwe itazame barabara.

Nikamtazama mama mwenye nyumba wangu, nikasema mbele ya wote, "Mama, wewe unajua jua la saa tisa linavyomfanya binti yako."

Akasimama. Alijifunga khanga upya kabla hajasema.

"Najua, injinia. Na hao wa ofisi pia nawajua. Wanapita na magari, wanaangalia kwenye kioo, wanaona ng'ombe, wanasema hapa pori, ondoeni watu. Sasa shule ikiwapa ubavu, wataona nini? Wataona ukuta. Lori likija kubeba vyombo vyetu, mtoto wangu hana shule ya jua wala hana shule ya kivuli. Tuonekane kwanza."

Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaotaka shule igeuzwe. Mkono wa mama mwenye nyumba wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka.

Nilitoka pale nimefura. Ofisini nako sikupata msaada. Mkuu wangu alisema wananchi wameamua, na mgeni rasmi atakayekuja kuzindua atapenda kuona madarasa yakimtazama.

"Geuza tu, injinia. Jengo si ni lile lile?"

Nikamwambia si lile lile, kama vile sufuria iliyogeuzwa si sufuria. Tulibishana wiki nzima, mpaka akanitahadharisha kwamba wachoraji wako wengi. Niligeuza. Niliongeza baraza pana upande wa magharibi na mstari wa miti mbele yake, nikijua kabisa kwamba jua la saa kumi huinama na kupita chini ya baraza lolote, na kwamba mti haukui kwa hasira za mtu. Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi. Ya pili tuliizungushia miiba, ikashika.

Uzinduzi ulifana. Msafara ulisimama, mgeni rasmi akashuka, akasifu tofali na tanki na madarasa yanayopendeza machoni. Akina mama walilia kwa furaha, na mama mwenye nyumba wangu alicheza ngoma mpaka akapoteza kiatu. Halafu likawekwa bango la kijiji barabarani, na hakuna lori lililokuja kuwahamisha tena. Kwa hiyo siwezi kusema walikosea, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Laiti wangekosea, ningewalaumu nikalala.

Binti alipofika darasa la sita, mimi nilikuwa nimehamishiwa kazi nyingine Iringa mjini. Walimu walianzisha masomo ya jioni ili kuwaandaa kwa mwaka wa mtihani. Ulikuwa mwezi wa kumi, Usangu inasubiri mvua, na tanki lilikuwa limekauka tangu zamani. Mwalimu wake, mtu mwema, alimruhusu akae nje nyuma ya jengo, upande wa kivuli, asikilize kupitia dirishani. Alikaa siku moja. Siku ya pili alirudi ndani akasema huko nyuma anasikia hesabu lakini hazioni. Alitaka ubao. Mwalimu akamsogeza kutoka dirisha hili hadi lile, ila jua la magharibi lilivuka chumba na kuyafikia yote. Nilikuwa nimeyapanga mwenyewe kwa rula, yote sawasawa.

Maumivu yalimkuta darasani. Walimpeleka kwa bodaboda hadi kituo cha afya, na kutoka hapo kwa gari kupanda Mbeya. Hakufika.

Mama yake alinipigia mwenyewe. Alisema maneno machache tu, "Injinia, njoo. Mtoto amelala." Nilipanda basi la kwanza. Sikumbuki njia. Nakumbuka niliposhuka Usangu hewa ilikuwa nzito na ya moto, na nilihisi kuichukia kama mtu anavyomchukia mtu.

Daktari hakusema ni darasa. Sikoseli humshika mtoto kwa sababu nyingi, na wengine huondoka hata wakiwa kivulini. Hakuna atakayeniambia kwa hakika, nami nimeacha kuuliza. Msibani kila aliyekuja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Haikuwa siku yangu ya kubishana, lakini moyoni nilikuwa mtoto yule yule wa Iringa mwenye vidole vya ganzi.

Asubuhi ya maziko wanaume walisimama uani wakijadiliana pa kuchimba. Baba mdogo wa marehemu alitaka achimbiwe mbele ya nyumba, karibu na barabara, ili anayepita ajue hii familia imezika hapa na haiondoki. Wengi walikubali. Ni hoja yenye nguvu, maana mtu aliyezika mahali ni mwenyeji. Walikwishashika majembe.

Mama yake akatoka ndani. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekwisha. Akawapita wanaume wote, akaja mpaka nilipokaa na akina mama kwenye mkeka, akaniinua kwa mkono.

"Wewe unajua jua," alisema. "Nionyeshe pa kumlaza pasipoungua."

Nilitaka kumwambia kwamba sasa haina maana. Nikatembea nyuma ya nyumba, nikatazama paa, nikatazama juu, nikapima kwa macho kivuli kitakapoangukia kuanzia saa nane hadi jua kuzama. Wanaume walinifuata na majembe. Nikaonyesha mahali.

Baba mdogo akasema taratibu, "Shemeji, huku nyuma hakuna atakayemwona."

"Ameonekana vya kutosha," mama akajibu. "Chimbeni."

Wakachimba pale pale nilipoonyesha, wala safari hii hakuna aliyenibishia. Nililia kwa hasira mbele ya watu, mpaka shangazi mmoja akaja akanikalisha chini.