Mgomo kwa Ajili ya Bibi wa Kaisari

Oreste Panfili, karani wa ofisi ya ardhi mjini Rieti, alitumia miaka kumi na mmoja kuandika riwaya ya Kaisari Vespasiano, na kila mwaka Kaisari alizidi kufanana na Oreste. Alianza kuumwa miguu jioni. Akachukia vitunguu. Kufikia sura ya ishirini mtawala wa Roma yote alikuwa akikoroma, na mtaa mzima ulijua mkoromo ule ni wa nani.

Aliyejua zaidi ni dada yake Ginevra, fundi cherehani wa miaka sitini na sita, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyempigia chapa, maana hakuna mtu mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wake. Oreste mwenyewe, akikaa siku mbili mbali na karatasi zake, hubaki akikisia.

Sasa mchapishaji wa Roma alikuwa amesema kitabu kizima kiondoke na basi la Jumamosi asubuhi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Zilibaki sura mbili kupigwa chapa. Alhamisi mchana Oreste alirudi nyumbani kula nyoki, vile vidonge vya viazi ambavyo kila nyumba hupika Alhamisi. Akakuta sufuria imefunikwa kifudifudi na mashine ya chapa imevishwa kitambaa cha meza. Juu yake, karatasi: MGOMO.

“Dada, nini hiki?”

“Hujui kusoma? Mgomo. Kama wa watu wa reli.”

“Lakini leo Alhamisi!”

“Ukurasa wa tatu,” alisema Ginevra, mikono kifuani. “‘Alilelewa na bibi yake, Tertula.’ Nukta. Mwanamke kalea mtoto mpaka kawa Kaisari, wewe unamtupia sentensi moja. Farasi wake umempa kurasa tisa!”

“Farasi ana umuhimu vitani, dada.”

“Kamasi je? Farasi ndiye aliyemfuta?”

Dirisha la ng’ambo likafunguka, akachomoza jirani yao, Bi Elide. “Usilegeze, Ginevra! Kaza hapo hapo!”

“Bi Elide, haya ni mambo ya fasihi!”

“Ni mambo ya kamasi. Nimesikia kwa masikio yangu.”

Oreste akaapa atapiga chapa mwenyewe. Kwa vidole viwili, mchana kutwa, alipata ukurasa mmoja, akakwama kwenye kifo cha Kaisari: hakuweza kujua kama alikuwa ameandika kwamba majemadari walilia au walipiga chafya.

Ijumaa asubuhi alisalimu amri.

“Unataka kurasa ngapi?”

“Tisa.”

“Tatu, dada. Nihurumie.”

“Kumi.”

“Si umesema tisa!”

“Kabla hujanibishia.”

Oreste akaandika, akamsomea. Bibi Tertula alikuwa ameketi kwenye kiti cha mawe, akimweleza mjukuu wake heshima ya taifa. Ginevra alisikiliza huku akipiga miayo.

“Hiyo sanamu. Sanamu hailei mtoto. Alikuwa na miaka mingapi?”

“Tuseme minne.”

“Basi hataki kuvaa viatu.”

“Dada, wanahistoria hawasemi…”

“Wanahistoria walivalishwa viatu na nani?”

Rafu mbili za vitabu Oreste alikuwa amezisoma, akajua Kaisari alishinda wapi na alijenga nini. Nani alifua joho lake, hakuwahi kuuliza.

Ginevra akavuta kiti, akaondoa kitambaa, akaanza kugonga bila kutazama karatasi yoyote. Oreste akasoma kwa nyuma ya bega lake. Mtoto alijificha mvunguni akisema yeye ni mbweha, na mbweha havai viatu. Bibi hakumgombeza. Aliweka bakuli la maziwa sakafuni, akageuka akaendelea kufuma, akisema kwa sauti kwamba leo angependa sana kumwona mbweha, hajawahi. Mbweha akatoka. Alipoinamia bakuli, bibi akamnasa mguu mmoja, akamvalisha. Mbweha akamng’ata kidole.

Oreste aliuliza, “Haya umeyatoa wapi?”

Ginevra akamwonyesha kidole chake cha shahada, penye kovu jeupe.

“Mvunguni mwa kitanda chako. Sasa nipishe, unanizibia mwanga. Basi ni kesho, na huyu mtoto ana mguu mwingine.”